Barabara ilipokuwa ya vumbi mwanangu alikwenda shule peke yake. Imekuja lami, sasa namshika mkono. Kosa liko wapi?

#1 Kitukuu wa Kisiju
Wakuu, habari za jioni.

Nisieleweke vibaya, mimi si adui wa maendeleo. Lami tumeiomba miaka. Kila kampeni iliahidiwa, na mwisho imekuja kweli: lami safi, upana mita saba, nyoofu kama rula, zaidi ya kilomita moja bila kona. Siku ya kwanza watoto walilala juu yake usiku kuota joto.

Miezi minne baadaye hakuna mtoto anayevuka peke yake. Kijana wangu yuko la tatu. Tangu la kwanza alikuwa anakwenda na wenzake, ni kama mita mia sita tu, na mashimo yalikuwa yanafanya hata bajaji itambae. Sasa saa 12 na nusu asubuhi niko naye pale dukani kwa Mangi, namshika mkono mpaka ng'ambo, halafu ndiyo nakimbilia kazini. Wiki iliyopita binti wa jirani kagongwa na bodaboda, na hakuwa katikati ya barabara. Alikuwa pembeni kabisa, anatembea zake. Mguu umefungwa hogo.

Jumamosi kuna kikao cha mtaa. Wenzangu wanataka tuta moja mbele ya geti la shule, yaishe. Moyo wangu haukubali kuwa tuta moja linatosha, ila sina hoja. Kosa ni la lami, la madereva au la sisi wazazi? Na tuombe nini hasa?

#2 Chumvi Kiduchu
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa siti ya mbele.

#3 Suka Mstaafu
Mleta mada, una gari?

#4 Kitukuu wa Kisiju
#3 Nina Passo, mzee.

#5 Suka Mstaafu
Haya. Na wewe ukiwa kwenye hiyo Passo juu ya hiyo lami mpya unakwenda ngapi? Sema kweli, hapa hakuna trafiki.

#6 Kitukuu wa Kisiju
Sitini. Sabini nikichelewa. Umenikamata.

#7 Boda wa Mbagala
Naona mmeshaanza, "bodaboda, bodaboda". Mimi niko barabarani mwaka wa tisa, sijagonga mtoto. Abiria anapanda anakwambia "kaka wahi", ukienda polepole anashuka na buku yako hatoi. Wazazi haohao wanaolalamika asubuhi wanapakia watoto watatu kwenye pikipiki moja, bila helmeti, na wanataka nikimbie. Kosa ni la wazazi.

#8 Mama Wawili
#7 Kaka yangu, mtoto wa #1 alikuwa anatembea, na aliyegongwa alikuwa anatembea. Hakuna aliyepanda pikipiki hapo. Soma uzi kwanza.

#9 Fundi Lami
Nimefanya kazi za barabara tangu 2004, na nitasema jambo ambalo wenzangu kazini hawapendi. #1, dereva haendeshi kwa kufuata kibao. Anafuata anachokiona. Ukimtengenezea mita saba nyoofu, hakuna mti, hakuna kona, jicho lake linamwambia hii ni barabara kuu, na mguu unakanyaga wenyewe. Ndiyo maana mleta mada ambaye mtoto wake anavuka palepale naye anakwenda sabini. Ana roho nzuri tu, ila barabara inamwita.

Vumbi lilikuwa linawapunguza mwendo bure. Mashimo yalikuwa matuta ya Mungu. Mmeondoa mashimo, na hamkuweka chochote badala yake.

Mtaa wenye shule hauhitaji mita saba za magari. Mita tano na nusu zinatosha magari mawili kupishana kwa heshima. Ile mita moja na nusu iliyobaki mpe mtoto, na iwe imeinuliwa kwa ukingo, siyo kuchorewa mstari. Mstari wa rangi ni ombi tu.

Na kona mnazisahau. Pale mtaa mdogo unapoingia barabara ya lami, wakandarasi wanazungusha kona pana ili lori la mchanga lipite bila shida. Matokeo yake kila gari linakata kona bila kugusa breki. Kona ikibanwa dereva lazima apunguze, na mtoto ana hatua chache za kuvuka.

#10 Chumvi Kiduchu
"Mashimo yalikuwa matuta ya Mungu." Hii naandika ukutani.

#11 Suka Mstaafu
Fundi #9, heshima yako, lakini barabara haina mguu. Nimeendesha basi na malori miaka 31. Zamani tulifundishwa: mpira ukitokea barabarani, usiangalie mpira, nyuma yake kuna mtoto. Kanyaga breki kabla hujamwona. Nilifundishwa hivyo na utingo wangu wa kwanza, siyo na chuo. Kijana wa leo leseni kaipataje hata hatuulizi. Kosa ni malezi ya madereva. Mita tano, mita saba, mjinga atakimbia tu.

Na nyie mnaoangalia simu mkiwa kwenye usukani mpo humu humu, nawajua.

#12 Hesabu za Kijiweni
Tusibishane bila namba.

Kilomita 30 kwa saa ni mita 8.3 kila sekunde. Kilomita 50 ni mita 13.9. Chukua dereva anayehitaji sekunde moja tangu amwone mtoto mpaka mguu uguse breki, na breki nzuri kwenye lami kavu.

Wa 30: anatembea mita 8 akiwa bado anashtuka, kisha breki zinamla karibu mita 5. Amesimama kwenye mita 13.

Wa 50: kwenye mita 13 hiyohiyo mguu wake haujafika kwenye breki. Mtoto aliyesimama hapo anagongwa kwa hamsini kamili. Gari litasimama kwenye mita 28 hivi.

Madereva wote wawili wamelelewa vizuri, mzee #11. Tofauti ni mwendo tu.

#13 Fundi Lami
#12 Hesabu nzuri ila umewapendelea. Sekunde moja ni ya mtu aliye macho na anayetazama mbele. Wengi weka sekunde moja na nusu. Halafu tairi vipara, na mchanga uliomwagwa na malori juu ya lami. Sasa piga tena.

#14 Hesabu za Kijiweni
#13 Kwa sekunde moja na nusu, bila tairi vipara: wa 30 anasimama mita 17, wa 50 mita 35 kasoro. Hao wa Passo sabini sijawapigia, nisimharibie mtu usingizi.

#15 Kitukuu wa Kisiju
Nimeshaharibikiwa. Nimetoka nje kupima kwa hatua kutoka kona mpaka duka la Mangi. Hatua ishirini na nne.

#16 Nipo Utrecht
Salaam kutoka kwenye baridi ya Uholanzi. Watoto wangu wawili wanakwenda shule kwa baiskeli huku, wa miaka minane na kumi na moja, na wala siwasindikizi. Mkubwa mwakani anafanya mtihani wa usalama barabarani, shule nzima inatoka na baiskeli, walimu na wazazi wanasimama kwenye makutano na karatasi kuwapa alama.

#17 Boda wa Mbagala
#16 Acha kutulinganisha na Wadachi. Hao wamezaliwa na baiskeli, ni utamaduni wao toka enzi.

#18 Nipo Utrecht
#17 Hapana, kiongozi. Hapo nakusahihisha, maana nami niliamini hivyo kabla sijaja.

Miaka ya 1950 na 1960 huku magari yalifukuza baiskeli kila mahali. Walibomoa nyumba, wakafukia mifereji, viwanja vya miji vikawa maegesho. Mwaka 1971 barabara ziliua watu kama 3,300, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Nchi ndogo hii. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff alipoteza bintiye aliyekuwa anakwenda shule kwa baiskeli, akaandika makala yenye kichwa "Acheni mauaji ya watoto". Likawa jina la vuguvugu. Wazazi walikaa barabarani, wakafunga mitaa watoto wacheze, wakaandamana kwa baiskeli. Novemba 1973 mafuta yakawa adimu, serikali ikapiga marufuku magari Jumapili, na watu wakaona mji usio na magari unafananaje.

Wakati huohuo mji wa Delft ulikuwa umeshaanza kuvunja mitaa nyoofu: wakaweka miti, vitanda vya maua na maegesho upande huu kisha upande ule, gari lipite likipinda kama mlevi. Mtaa wa namna hiyo ukaingia kwenye sheria mwaka 1976. Anachosema Fundi #9 kuhusu jicho la dereva ndicho walichokifanya.

Halafu kuna sheria moja ambayo madereva wa huku wanaijua kama jina lao: ukiwa na gari ukamgonga mtoto wa chini ya miaka 14 aliyekuwa kwa miguu au kwa baiskeli, fidia ni juu yako yote, hata kama yeye ndiye aliyekurupuka, ila tu kama alikusudia.

#19 Wakili wa Mtaa
#18 Hiyo ikija Bongo bima zitagoma siku ya pili. Sisi tunatumia Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Kwenye makazi mwisho ni 50, na kwenye zebra dereva anatakiwa ampishe anayevuka. Sheria ipo. Simama kwenye zebra uone utapishwa na nani.

#20 Chumvi Kiduchu
#19 Mimi hupishwa. Ila wa nyuma yake ndiye anaye-overtake.

#21 Ticha Pembezoni
#20 Umesema kama utani lakini ndivyo wanafunzi wanavyogongwa. Gari la kwanza linasimama, mtoto anafurahi, anakimbia, wa pili anatokea ubavuni. Ndiyo maana barabara yenye njia mbili kila upande haivukwi kwa zebra ya rangi peke yake.

Mimi nafundisha la pili. Kila mwaka tunafundisha: angalia kulia, kushoto, kulia tena. Wanaimba vizuri kuliko kwaya. Geti likifunguliwa wanatoka kama kumbikumbi. Mtafiti wa Sweden, Stina Sandels, alichunguza watoto barabarani miaka ya 1960 na akasema mtoto mdogo huwezi kumfundisha akawa mtu mzima mdogo. Hakadirii vizuri mwendo wa gari, sauti hajui inatoka upande gani, na akimwona rafiki yake ng'ambo dunia nyingine inafutika. Na kimo chake: Noah ikipaki kando, mimi naona juu yake, yeye anaona mlango tu.

Viranja wetu wana bendera nyekundu za kuvushia wenzao. Tunashukuru. Lakini nikimwangalia kiranja wa miaka kumi na mbili amesimama mbele ya Fuso na kitambaa mkononi, roho inanidunda. Hiyo ni kazi ya mtoto?

#22 Suka Mstaafu
Ticha #21 hapo sina neno.

Ila wazazi bado wana lao.

#23 Mama Wawili
Hatujifichi mzee. Sasa nisikilizeni.

Mtaani kwetu tulianzisha "treni" mwaka jana. Kina mama sita, kila mmoja siku yake, wa sita ni akiba. Saa 12 na robo unaanza nyumba ya mwisho, unapita unaokota mtoto mlango kwa mlango, mpaka kwenye shule mna watoto kama ishirini mmeshikana mikono. Gari linaona kundi. Mtoto mmoja halimwoni, ishirini linawaona.

Asubuhi inakwenda vizuri. Mchana ndiyo treni inafia njiani, kwa sababu shule ina zamu mbili, hawa wanatoka saa sita, wale wanatoka jioni, na kina mama tuko sokoni. Kwa hiyo msije mkamwambia #1 kuwa wazazi wajipange yaishe. Tumejipanga. Mchana tunashindwa.

Na geti, Fundi, hukuligusa. Geti letu linafunguka moja kwa moja barabarani. Mtoto akisukumwa na mwenzake kwa mchezo yuko kwenye lami.

#24 Fundi Lami
#23 Kweli, geti nililisahau. Likiwezekana lihamishiwe ubavuni, kwenye uchochoro. Likishindikana, weka vizuizi viwili vya bomba mbele yake, kimoja kushoto kimoja kulia, vipishane, mtoto lazima apinde mara mbili kabla ya kufika barabarani. Hapo mbio zinakufa.

#25 Mtoto wa Chumbageni
Tanga tupo. Sisi baiskeli ni ndugu, mnajua. Nilijifunzia Phoenix ya babu, mguu umepita chini ya bomba la juu maana kitini sifiki, kengele haipo, breki ni kandambili. Shule kwenda na kurudi. Leo mjomba wangu huko Dar kamnunulia mwanawe baiskeli nzuri ya gia, inaning'inia sebuleni kama picha ya harusi. Anaogopa kumtoa nje. Baiskeli inakula vumbi, mtoto ananenepa.

#26 Chumvi Kiduchu
#25 Breki ya kandambili ndiyo ABS ya kwanza Afrika Mashariki.

#27 Mlinzi wa Keria
#25 Dar tumepigia kelele njia za baiskeli siku nyingi. UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, walikuwa wanafanya misafara mjini kudai hilihili. Mwendokasi ilipoanza 2016 barabara ya Morogoro ilipata njia za miguu na za baiskeli, na jiji likapewa tuzo ya usafiri endelevu ya 2018. Pita leo uone kwenye hiyo njia: pikipiki, mitumba, mama ntilie, gari limepaki nusu. Njia ipo, nafasi hakuna.

#28 Boda wa Mbagala
#27 Mmachinga naye ale wapi?

#29 Mlinzi wa Keria
#28 Sijasema asile. Nasema aliyechora hakumchora mmachinga, kwa hiyo mmachinga kajichora mwenyewe.

#30 Bibi Titi Street
Hivi mnajua Bongo tulishawahi kushika namba moja duniani kwa jambo hilihili? Mradi wa kurekebisha barabara za mashuleni ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa.

#31 Fundi Lami
#30 Karibu upate. Tuzo haikuwa ya Umoja wa Mataifa, ilikuwa ya WRI, taasisi ya utafiti ya World Resources Institute, ile Tuzo ya Ross ya miji, 2019, dola 250,000, na ndiyo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza. Waliopata ni shirika la Amend, kwa mpango wao wa usalama wa barabara za shule, SARSAI, ulioanzia Dar. Wanachagua shule ambazo watoto wanaumia zaidi, wanatembea na watoto njia nzima toka nyumbani, halafu wanaweka vitu vidogo: njia ya miguu, nguzo za kuitenga na magari, zebra, matuta, vibao, geti jipya. Majeruhi kwenye shule hizo walipungua kwa asilimia 26, na mahali pengine mwendo wa magari ulipungua kwa hadi asilimia 60.

Hakuna flaiova hapo. Ni zege, bomba na rangi.

#32 Kitukuu wa Kisiju
#31 Asilimia 26 tu? Nilitegemea themanini.

#33 Hesabu za Kijiweni
#32 Wewe ndiye unayeendesha sabini halafu unadharau 26?

#34 Skuli ya Kiembesamaki
Kutoka Unguja. Huku Mji Mkongwe gari haziingii vichochoroni, si kwa sheria, ni kwa ukuta. Watoto wanakwenda skuli na chuoni, yaani madrasa, wenyewe wadogo kabisa. Kinachotusumbua ni vespa na pikipiki, zinapita mbio kwenye uchochoro ambao ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kwa hiyo hoja ya Fundi kuwa njia ikiwa nyembamba mwendo unapungua, kwa gari nakubali. Kwa vespa sikubali.

#35 Fundi Lami
#34 Umenipata. Ndiyo maana nikasema nguzo. Na hapa ndipo nirudi kwenye yule binti wa #1 aliyegongwa *pembeni*, maana nadhani wengi mmeruka hilo.

Tuta la kawaida haliishii ukingoni. Linaachwa nafasi kidogo kila upande maji yapite kuelekea mtaroni. Nafasi hiyo ni nusu mita hivi. Gari haliwezi kupita hapo. Pikipiki inapita bila hata kupunguza. Na mtoto anatembea wapi? Hapohapo. Kwa hiyo ukiweka tuta bila nguzo pembeni, umechukua bodaboda ukamwelekeza kwenye miguu ya mtoto.

#1, kabla ya kikao nenda kaangalie: pale alipogongwa kuna tuta?

#36 Kitukuu wa Kisiju
#35 Hakuna tuta, lakini kuna shimo la chemba limekaa katikati ya njia, kila mtu analikwepa kwa kupanda pembeni.

#37 Boda wa Mbagala
#35 Hapo umesema kweli na sitabisha. Tuta la Bongo ni ukuta. Ukilipita katikati na abiria mjamzito unaleta kesi. Tunapita pembeni. Wachongeni matuta yenye mgongo wa taratibu tutapita juu.

#38 Fundi Lami
#37 Tuta bora kwenye shule ni lile pana na bapa, zebra ikiwa juu yake. Mtoto anavuka bila kushuka, anainuliwa kidogo dereva amwone, gari linapanda taratibu. Siyo lile la kukwangua sampo. Rasta nazo msidanganyike, zile zinapiga kelele tu, dereva akizizoea anaziimbia.

#39 Mwana wa Rongai
Niko Nairobi. Huku suluhisho la wakubwa ni daraja la miguu. Thika Superhighway ilifunguliwa 2012 na madaraja yake, na bado watu wanaruka chini. Mtoto amebeba mkoba, apande ngazi, azunguke, ashuke, ilhali mama yake anamwona ng'ambo? Daraja la miguu mara nyingi ni la kumwondolea mwenye gari kero. Sera ya jiji ya 2015 ilisema asilimia 20 ya pesa za barabara iende kwa wanaotembea na wa baiskeli. Sera nzuri sana kuisoma.

#40 Chumvi Kiduchu
#39 Hilo la "nzuri sana kuisoma" limenifikia.

#41 Konda Zamani
Hamjagusa chanzo. Kwa nini watoto wengi wako kwa miguu kwenye barabara kubwa? Kwa sababu daladala hawawachukui. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo mno. Mimi nilikuwa konda, tajiri anataka hesabu kamili jioni, ukijaza wanafunzi hesabu haifiki. Unamwambia suka "ondoa". Mtoto anatembea, au anaruka gari likiwa linakwenda. Wekeni matuta mnavyotaka, hesabu ya tajiri iko palepale.

#42 Mama Wawili
#41 Asante kwa ukweli. Hata kama unaniuma.

#43 Imigongo
Kigali tuna Car Free Day, siku isiyo na magari, toka 2016, mara mbili kwa mwezi siku hizi, Jumapili asubuhi. Watoto wanajaa na baiskeli. Jumatatu zinarudi ndani. Kwa hiyo sijui kama inasaidia mwendo wa kwenda shule, ila angalau wanajua kuendesha.

#44 Nipo Utrecht
#43 Kuna njia ya katikati: kufunga mtaa wa shule nusu saa asubuhi na nusu saa wakati wa kutoka. Bolzano, Italia, walianza 1989, siku hizi London na Paris wanayo mingi. Anasimama mtu na kizuizi, wakazi wanapita taratibu, wengine wanazunguka.

#45 Wakili wa Mtaa
#44 Nani asimame na kizuizi? Hapa akija mkubwa na V8 kizuizi kitaondolewa na salamu juu.

#46 Fundi Lami
#1, la mwisho kabla ya kikao: jua barabara ni ya nani. Kuu na za mikoa ni TANROADS, za mijini na vijijini ni TARURA iliyoanza 2017. Barua ikienda ofisi isiyohusika inalala huko.

#47 Kitukuu wa Kisiju
#46 Ninajua ni ya nani, ila humu siitaji. Nina watoto wa kulea.

#48 Kitukuu wa Kisiju
MREJESHO.

Wakuu, kikao kimefanyika. Nilikwenda na futi ya fundi cherehani, wakanicheka. Tulipima barabara pale shuleni, ikawa mita saba na sentimita ishirini. Nikawaeleza hesabu ya #12, nikamsimamisha Mangi kwenye mita 13 na mwenyekiti kwenye 28. Hapo walinyamaza kidogo.

Tumekubaliana barua iombe zebra iliyoinuliwa badala ya tuta, na nguzo pande zote mbili. Geti mwalimu mkuu kasema atajadiliana na kamati, hela ya kuhamisha hakuna, ila vizuizi vya bomba kuna mzazi mchomeleaji kajitolea. Kubana upana wamekataa. Wenye malori ya mchanga walikuwepo na wanachangia hela nyingi za mtaa. Wazee wawili wameshikilia kuwa dawa ni viboko kwa madereva.

Wakati tunasubiri barua ijibiwe, vijana wamepata matairi chakavu ya Fuso. Tunayafukia nusu pembeni ya njia ya watoto, tunapaka chokaa. Kuna tatizo na hilo?

#49 Suka Mstaafu
Hujasema kama Passo imepunguza mwendo.

#50 Kitukuu wa Kisiju
#49 Thelathini. Nimepigiwa honi na daladala mbili na gari la maziko.

#51 Fundi Lami
#48 Matairi yanafaa kwa muda. Acha umbali bajaji isipenye ila kiti cha magurudumu kipite. Chokaa itaondoka mvua ya kwanza, tafuta rangi ya mafuta.

#52 Mama Wawili
Na nusu ya juu jazeni udongo mshindilie. Mkiiacha wazi inashika maji, mtakuja na uzi mwingine wa mbu.

#53 Chumvi Kiduchu
Na nyoka.

#54 Mtoto wa Chumbageni
Rangi nyeupe galoni ni bei gani huko kwenu siku hizi? Huku Tanga wanatupiga.